Ubeti Mmoja na Kiitikio

Mutinda mwanangu,

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutafuta kanisa Jumapili na ya kutokopesha watu nguo, baba yako atakwambia njiani mkirudi kutoka Tulia, na susu, nyanya yako mliyekwenda kumuaga huko, bila shaka anakwambia sasa hivi huku akikujazia kunde kwenye kiondo. Mimi nimebaki nyumbani makusudi. Nilisema mguu unaniuma. Mguu hauniumi. Kinachoniuma ni wivu, na nimeona afadhali niuandike kabla hujapanda basi la Mombasa kesho, maana nikiuacha tumboni utanitoka kwa mdomo pale steji mbele ya watu, na wewe unanijua.

Utashangaa naandika Kiswahili. Tangu uanze kazi kwa Bwana Feisal, Kiswahili chako kimekuwa cha kumwagika. Siku hizi hata hapa jikoni kwangu unasema "nimekwisha kula, ahsante", na mimi Mwaitu wako nimegeuka kuwa "Mama". Haya basi. Mimi nami nina Kiswahili changu, cha shule ya misheni na cha sokoni, hakina marashi lakini kinafika. Tena Bwana Feisal akikusomea begani, nataka aelewe kila neno.

Nianze na leo mchana. Kanisa lilijaa, nilifurahi. Mchungaji alikuita mbele uagwe, ukasimama na lile shati nililopiga pasi mwenyewe, ukaambiwa useme neno. Ukasema, "Nawashukuru wazazi wangu kwa chakula na maombi. Na namshukuru mwalimu wangu, Bwana Feisal, aliyenifundisha kazi ya picha."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa kwaya akanigeukia akanishika mkono, "Hongera kwa maombi, Mama Mutinda." Nikacheka meno yote nje. Nilikuwa nimeshika sinia la mandazi, na nakwambia kweli, kama lingekuwa sinia la mtu mwingine ningelitupa.

Chakula na maombi! Kwani mbuzi wa Mwingi wote hawali? Na maombi si hata mlinzi wa stoo pale sokoni anakuombea? Mimi nilikupa kazi, Mutinda. Nilikupa mkononi, gizani, kabla hujajua kusoma. Halafu jioni hii, kabla hujaondoka na baba yako, ukaingiza kichwa mlangoni kana kwamba hakuna kilichotokea: "Mama, na zile kadi, naweza kubeba?" Nikajifanya sijasikia. Umeondoka bila jibu, na jibu ndilo hili ninaloandika.

Nikukumbushe hizo kadi zilitoka wapi, maana naona umeanza kuamini zilikuja na nyumba.

Baba yako alipoanza, alikuwa na kamera na baiskeli. Leo Migwani, kesho Tulia, siku ya soko yuko Mwingi. Anapiga, anarudi, ananiwekea filamu mezani, anaoga, analala. Kazi ya kusafisha na kutoa picha ilikuwa yangu, kwenye kile chumba cha nyuma tulichoziba dirisha kwa blanketi la jeshi. Stima hatukuwa nayo. Mashine ya kukuza picha ilikuwa ikiwaka kwa betri ya gari, na betri ilichajiwa kule posho mill, wanakosaga mahindi.

Shida ilikuwa ni hii. Mtu wetu anapokuja kupigwa picha huvaa shati jeupe, jeupe kabisa, kwa sababu ni siku kubwa. Sasa, kwa kuwa kwenye karatasi ya picha mwanga ndio unaotia weusi, ukiiacha taa ya mashine iwake mpaka shati lionekane vifungo, uso unakuwa mweusi kama chini ya sufuria, huoni pua wala macho. Ukiizima mapema ili uokoe uso, shati linakuwa pengo tu, kama kichwa kinaelea. Basi nikawa natoa picha moja mara nne, mara tano, nikijaribu, karatasi inaisha, dawa inachoka, na watu wako dirishani wanauliza picha zao. Wakati wa Krismasi ndio ilikuwa balaa. Watoto wote wa Nairobi wako nyumbani na viatu vipya, kila mtu anataka picha kabla ya kurudi, na mimi peke yangu gizani na wewe mgongoni.

Siku moja, kwa hasira tu, nilikata kipande cha kadibodi cha mviringo, ukubwa wa uso, nikakichomeka kwenye spoki ya baiskeli ya baba yako. Taa ilipokuwa inawaka nikakishika juu ya uso wa yule mtu kwenye karatasi, nikikitikisa tikisa kisiache alama, kikamkinga. Nikakitoa, nikaacha taa imalizie. Karatasi ilipoingia kwenye dawa, uso ukaja na shati likaja. Nilipiga kelele mpaka ukaamka ukalia.

Sasa ningejuaje nimkinge kwa muda gani? Saa ya mkononi haionekani kwenye ile taa nyekundu ya chumba cha giza, isiyoharibu karatasi, na mikono yote miwili ina kazi. Nikaanza kuimba. Wimbo wa kwaya, ule wa Kikamba tuliokuwa tukifungulia ibada. Ubeti mmoja na kiitikio, kadi iko juu ya uso. Kiitikio mara ya pili, kadi imetoka. Zima taa. Ikitoka vizuri, basi picha nyingine yoyote ya mtu mmoja, shati jeupe, amesimama kivulini, ni kadi ile ile na wimbo ule ule. Sikuhitaji tena kujaribu. Nilichukua kadi, nikaimba, nikatoa, nikashika nyingine.

Hivyo ndivyo ukuta ulivyojaa. Kadi ya mtu mmoja. Kadi ya bibi harusi, ambayo ina tundu, kwa sababu gauni ndilo linalotaka taa zaidi na uso unatulia. Kadi ya darasa, ile ndefu yenye meno meno, kila jino linakinga mstari wa vichwa. Kadi ndogo ya picha za kitambulisho. Kadi ya watu wa Garissa waliopigwa juani karibu na lori, hiyo unajua mwenyewe ina jina gani na tusiliandike hapa. Kila moja na msumari wake, na kwa kalamu ya risasi nimeandika imbwe mpaka wapi. Betri ikichoka, ongeza kiitikio. Krismasi iliyofuata nilimaliza filamu zote za baba yako nikapata na nafasi ya kupika. Watu wakasema, "Musembi siku hizi anafanya kazi haraka." Musembi alikuwa amelala.

Hayo ndiyo niliyoyabuni, na hayo ndiyo unayoyaita "zile kadi".

Usidhani nilikuwa na akili nyingi. Nitakueleza nilivyoaibika, hii hujawahi kuisikia vizuri kwa sababu baba yako huisimulia akicheka na anaiharibu.

Kulikuja mwalimu mpya wa kwaya, Mwalimu Mwangangi, kijana, suruali ya kubana. Akasema tunaimba kama watu wa matanga. Akatufundisha nyimbo zetu zile zile kwa mwendo wa mbio, na kupiga makofi juu yake. Tukafurahi, hata mimi. Baada ya muda mfupi picha zangu zikaanza kutoka nyepesi. Watu wote weupe weupe, kama wamepakwa unga. Nikalaumu dawa, nikaimwaga. Nikalaumu karatasi. Nikaenda posho mill nikamgombeza yule mtu wa betri mbele ya wateja wake, nikamwambia ananiibia moto, naye akaniapia kwa mama yake. Picha bado nyepesi. Darasa zima la shule ya msingi, pamoja na mwalimu mkuu, wakatoka kama mizimu.

Kumbe ni mimi. Nilikuwa naimba mwendo wa Mwalimu Mwangangi! Ubeti unaisha kabla taa haijafanya kazi. Niligundua siku wewe, mtoto mdogo, ulipoanza kuimba na mimi mle gizani, ukawa unabaki nyuma. Nikakwambia, "Haraka!" Ukasema, "Mwaitu, ndivyo ulivyokuwa unaimba." Ulikuwa umeubeba ule wimbo wa zamani kutoka mgongoni. Niliketi chini nikacheka mpaka nikatokwa na machozi.

Jumapili nilimfuata Mwalimu Mwangangi baada ya ibada. Nikamwambia, "Mwalimu, unaniharibia picha." Akanitazama. "Picha gani, Mama?" "Zote. Punguza mwendo." Alienda kumwambia mchungaji kwamba niombewe. Tangu hapo nikawa na wimbo mmoja wa kanisani na mwingine wa kazini, maneno yale yale, na sikuwahi kuzichanganya tena. Huko uendako kila mtu ana mwendo wake na wote watataka uimbe nao. Imba nao tu, uwe na adabu. Lakini ukifunga mlango wa kazi, rudi kwa ule ambao kadi zilikatiwa.

Sasa nikueleze habari ya Kalekye, kwa sababu leo ni siku ya wivu na wivu wangu haukuanza na wewe.

Kalekye alikuwa na hoteli ya chai pale barabarani, lori zikisimama zinasimama kwake. Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, akitembea watu wanaacha kumimina sukari. Siku moja nasafisha filamu ya baba yako, nakuta picha ya Kalekye mlangoni kwa hoteli yake. Naendelea, nakuta Kalekye tena. Kalekye ameweka mkono kiunoni. Kalekye anatazama barabara. Kalekye ameketi. Wee! Mtu akilipia picha moja anapigwa moja. Hii ilikuwa karibu filamu nzima. Nilishikwa na wivu.

Nikatazama ukutani. Kadi ya mtu mmoja iko pale, inaningoja. Nikaiacha msumarini. Nikasema, leo huyu ataijua taa. Nikawasha, nikaimba ubeti, kiitikio, kiitikio tena, polepole, kama mtu wa matanga kweli, uso wake uko wazi hauna kinga. Nikatoa picha zote hivyo. Nikazitundika zikauke nikalala vizuri sana.

Baba yako asubuhi akaziona. "Mbona huyu hukumtilia kadi?"

"Nilisahau."

"Zote?"

"Ulipiga zote kwa kusahau, nami nikatoa zote kwa kusahau."

Akachukua chai yake akatoka nje.

Siku ya soko Kalekye akaja. Nilikuwa nimesimama dirishani, nimejiandaa, maneno yote nimeyapanga. Akachukua picha, akaitazama. Akainua nyingine. Akazipitia zote moja moja mpaka nikaanza kuogopa. Akasema, "Nani ametoa hizi?"

"Mimi."

"Zile za mwaka jana nani alitoa?"

"Mimi."

"Zile ulinifanya mgonjwa," akasema. "Mama yangu kule Migwani aliuliza nimelazwa hospitali gani. Hii sasa ndiyo mimi." Akagonga picha kwa kidole. "Nitolee zingine kama hizi, nimpelekee."

Alipoondoka niliichukua ile iliyobaki nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Mutinda, ilikuwa picha nzuri. Mashavu yake yalikuwa yamebeba mwanga wote wa barabara, na macho yale, na kile cheusi hakikuwa doa, kilikuwa yeye. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizokuwa nimetoa kwa kadi, na nilikuwa nimeitoa kwa roho mbaya. Nilikasirika mara mbili. Nilikaa nikafikiri ni watu wangapi nimewapaka unga miaka yote kwa sababu kadi iko karibu na mkono.

Basi tangu siku ile, wewe umeniona, sichukui kadi mpaka niinue negativu, ile filamu iliyosafishwa, kwenye taa nimtazame mtu. Mara nyingi nachukua kadi ile ile niliyotaka kuchukua tangu mwanzo. Lakini nimemtazama. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilalamika, "Mwaitu, unachelewesha." Sasa unajua nilikuwa namtafuta nani.

Na kama baba yako alipiga filamu nzima kwa ajili ya mwanga wa mlango ule, kama alivyosema, au kwa ajili ya aliyesimama mlangoni, mpaka leo sijui. Nimeacha kuuliza. Sijaacha kuwaza. Ukioa mwanamke mwenye wivu, piga picha moja moja.

Nilikufundisha hayo yote bila kusema nakufundisha. Ulianza kwa kushika ndoo ya maji, ukafika kwenye dawa, ukafika kwenye kadi. Ulipofikia urefu wa meza ulikuwa unakata kadi zako mwenyewe, na zilikuwa nzuri. Nikubali hapa hapa, zingine zilikuwa nzuri kuliko zangu. Ile kadi ya darasa iliyokuwa msumarini mpaka leo ni yako, yangu niliichoma jikoni bila kukwambia. Niliona fahari, na chini ya fahari niliona kitu kingine kimejikunja, sikukitaja jina.

Halafu akaja Bwana Feisal kutoka Pwani na studio yake ya kioo, na picha za rangi.

Nataka niseme wazi, hajanikosea. Hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa mtu mbaya ningemchukia kwa raha. Lakini ananisalimu kwa heshima, kila sikukuu ya Idi analeta pilau mpaka mlangoni, na baba yako alipougua alimpeleka kwa gari lake mpaka Kitui bila kuombwa. Nimchukie wapi? Ila tangu umeanza kazi kwake, kila sentensi yako inaanza na yeye. Bwana Feisal anasema dawa isipashwe moto sana. Bwana Feisal anasema nyeusi na nyeupe imekwisha. Bwana Feisal anasema ndugu yake Mombasa, huyo unayekwenda kumfanyia kazi, ana mashine, unaipanga mara moja asubuhi, inatoa picha za rangi mpaka jioni hata huigusi. Nilikuuliza, "Na inamtazama mtu?" Ukacheka ukasema, "Mama, ni mashine." Nikanuna siku mbili. Wewe hukuona, ulikuwa kwa Bwana Feisal.

Mwezi uliopita ulisahau chakula chako. Nikafunga muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharage, kwenye kitambaa nikakuletea mwenyewe. Pale mbele hapakuwa na mtu, nikapita mpaka kwenye pazia la chumba cha giza, nikasimama nje nisiingize mwanga. Mlikuwa mnatoa zile picha ndogo za pasipoti. Nikasikia ile saa yake ya umeme ikihesabu, tik, tik, inayojizima yenyewe na kengele. Halafu nikamsikia akisema, "Unaongea na nani?"

Ukasema, "Siongei."

"Midomo inacheza."

"Ni mazoea tu, Bwana Feisal."

Nilishika pazia. Saa iko ukutani, inahesabu, ina kengele, na mwanangu anaimba! Unaimba wimbo wangu kimoyomoyo, kwa mwendo wa zamani, na mkono wako bila shaka unatikisa kadi. Nilifurahi hivi kwamba nilitaka kupiga kigelegele. Kisha lile neno likanifikia. Mazoea tu. Kama kung'ata kucha. Nilingoja jogoo awike, kama kwa yule mtume aliyemkana bwana wake.

Mkatoka. Bwana Feisal akaniona, akafurahi, "Karibu Mama Mutinda! Huyu kijana wako ana jicho, wallahi. Anamtazama mtu kwanza. Sijui amelitoa wapi."

Nikakutazama. Ulikuwa na nafasi yote duniani. Mlango ulikuwa wazi, mimi nimesimama na muthokoi mkononi, yeye ameuliza mwenyewe. Ukatazama viatu vyako. Ukasema, "Ahsante kwa chakula, Mama."

Na leo kanisani ukasema vile vile, chakula, ukaongeza na maombi.

Mutinda, najua kwa nini. Si kwamba hunipendi. Unaona aibu, kijana mkubwa anayekwenda Mombasa aseme alifundishwa kazi na mamake, gizani, kwa kuimba. Ungesema umefundishwa na baba yako, watu wangeitikia, maana mhuri ulio nyuma ya picha zetu zote unasema Musembi. Lakini baba yako anaujua ukweli, na wewe si mwongo, kwa hiyo ukamtafuta mwanaume mwingine aliye karibu mwenye studio ya kioo. Nimekuelewa. Kuelewa hakukunipunguzia kitu.

Tangu ulipoulizia kadi nimekuwa nikizunguka hii nyumba nikitafuta sababu nzuri ya kukunyima. Nilisema nazihitaji kwa kazi. Si kweli, kadibodi imejaa uvunguni na mkasi ninao, naweza kukata zingine zote wiki hii. Nilisema huko zitapotea. Nilisema kwenye rangi hazifai kitu, na hilo labda ni kweli, labda zitakaa chini ya kitanda chako mpaka panya wazile. Lakini sababu yenyewe ni kwamba nilikuwa nimeona picha kichwani. Nimeona ndugu yake Feisal anazitazama, anasema, ah, kumbe kijana ameleta na vifaa, mwalimu wake amemfundisha vizuri. Na kazi yangu inakuwa ya Feisal, Mombasa nzima, hata mimi sipo kujitetea. Nilizishusha ukutani nikazishika zote juu ya jiko. Nilizishika muda mrefu kidogo.

Sikuzichoma. Nimezifunga kwenye kanga yangu ile ya zamani nikaziweka katikati ya begi lako, zisipinde. Kadi ya darasa ambayo ni yako iko juu. Kuta za chumba cha nyuma sasa ni misumari mitupu na inanichukiza kutazama, kesho basi likishaondoka nitashika mkasi. Nimekupa. Usinishukuru, sijakupa kwa roho safi, nimekupa roho ikiwa vile vile ilivyo.

Ila nina bei, na si ya pesa.

Huko Mombasa siku moja, ndugu yake Feisal, au kijana mwenzako, au msichana wa kaunta, atakuona gizani midomo ikicheza, atakuuliza unaongea na nani. Usiseme mazoea. Sema ndivyo ulivyofundishwa kazi. Atauliza, umefundishwa na nani. Usiseme "mama". Kila mtu ana mama, na mama wote wanapika na kuomba. Hapa Mwingi nilikuja nikaitwa bibi ya Musembi, ukazaliwa nikaitwa Mama Mutinda, na hata Mchungaji akinipa ushirika sidhani anajua niliitwa nani nyumbani kwetu. Wewe unalijua. Najua hujawahi kulitamka, si adabu kwetu mtoto kumtaja mzazi kwa jina lake, na ulimi utakuwa mzito. Nakuruhusu. Mwangalie huyo mtu usoni, si viatu, ulitamke kwa sauti, lote, na useme alikuwa fundi.

Nasikia kengele ya baiskeli ya baba yako kule chini. Naficha karatasi, naenda kuwasha moto niwe nimeshika mguu mkiingia.

Ni mimi,

Nthenya,
fundi wa picha, Mwingi.